Sista wa Chumba Namba Sita

Mwenye kubisha na abishe sasa hivi, kabla karatasi hii haijafunguliwa: dada yetu aliyelala hapa mbele amewavua nguo zaidi ya nusu ya watu waliokaa kwenye viti hivi, wakiwemo wenye suti, wakiwemo wenye vyeo, wakiwemo watatu wa safu ya kwanza ambao sasa wanatazama viatu vyao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusikia jambo lake likizungumzwa mtaani. Asiyeamini amwulize jirani yake, ingawa jirani atakana.

Familia ilipokaa kikao, kaka mkubwa alisema historia hii iandikwe na isomwe na mdogo wa mwisho wa marehemu, yule aliyeacha shule kidato cha pili, ambaye mtaa mzima unamwita Bingwa kwa kuwa alijipachika jina hilo mwenyewe, kwa sababu wengine wote wangeanza kulia kabla ya kumaliza mstari wa kwanza, na huyu hajapungukiwa na maneno tangu azaliwe. Dada wa pili aliuliza, "Ataweza kusoma bila utani?" Kaka mkubwa akajibu, "Hataweza, lakini atafika mwisho." Basi tuvumiliane, tufike mwisho. Na kwa kuwa wengi wenu mmekuja na swali moja, swali lililosikika tangu juzi pale kwenye foleni ya kunawa mikono na tena nyuma ya hema, kwamba muuguzi mzima, aliyewapima watu kwa miaka ishirini, yeye mwenyewe alikosaje kupimwa mapema, familia inawaomba mtulie, historia itafika huko kwa zamu yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1978, siku ya Jumatatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji ambako baba yetu alikuwa fundi mitambo, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji wa sare za shule, alisimulia siku zote kwamba alishona mpaka asubuhi ile ile, akaacha kola moja haijamalizika, na mtoto alipotoka hakulia bali alitazama huku na huku kama mkaguzi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985 na kumaliza mwaka 1991, akaendelea na sekondari kuanzia 1992 hadi 1995, na katika miaka yote hiyo alikuwa wa kwanza au wa pili darasani, jambo ambalo familia inalitaja kwa fahari, na ambalo mdogo wake wa mwisho analitaja kwa kinyongo, maana lilikuja kutumiwa kama fimbo ya kumchapia kila alipoleta ripoti nyumbani. Mwaka 1997 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu tarehe 24 Novemba 2000, na picha ya siku hiyo, amevaa kofia nyeupe iliyomkaa upande, ndiyo iliyowekwa hapo juu ya meza.

Tarehe 2 Januari 2001 aliajiriwa katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu, na mwezi Mei 2004 akahamishiwa kituo cha afya kilicho ukuta kwa ukuta na kanisa letu, akapewa chumba namba sita, chumba chenye dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe ili watu wasichungulie, kitanda cha kupimia chenye godoro jembamba, pazia la kijani, na meza ya chuma yenye droo isiyofunga. Ndicho chumba cha magonjwa ya zinaa. Wenzake walimpa pole, wakamwambia hakuna anayedumu mle zaidi ya mwaka, kwani wagonjwa hawaji, na wakija wanadanganya. Yeye alidumu miaka kumi na tisa.

Lakini mwanzoni ni kweli hawakuja, na sababu ilijulikana. Mchungaji wetu, huyu huyu aliyetuongoza kwenye sala leo asubuhi, na ambaye ametoa ruhusa haya yasemwe, wakati ule alihubiri kwa nguvu kwamba kinga ni moja tu, nayo ni kungoja ndoa na kuwa mwaminifu ndani yake, na kwamba kile kituo cha jirani kinachogawa mipira kinawafundisha watu dhambi kwa gharama za umma. Dada alimsikiliza Jumapili tatu mfululizo akiwa ameketi kwaya ya kina mama, sauti ya pili, na Jumatatu iliyofuata akavuka ukuta, akabisha hodi ofisini kwake, akaweka karatasi moja mezani.

"Baba Mchungaji, majina sikuleta, sina ruhusa. Nimeleta idadi."

Mchungaji alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Hawa wote ni wa kwangu?"

"Ni wako wote, na ni wa mwezi mmoja. Wengine wanaimba pembeni yangu."

"Mimi siwezi kusimama madhabahuni nikataja kitu kile, Sista. Hapana."

"Usikitaje. Wewe hubiri kama unavyohubiri, maana wanaokusikiliza hawatanihitaji. Nipe wale ambao hawakukusikiliza."

"Niwaambieje?"

"Waambie waende kwa Sista wakaombewe."

Mchungaji akauliza kama ataombea kweli, kwa sababu yeye hatasema uongo, naye dada akamjibu kwamba ataomba kwanza, kisha atapima, na Mungu mwenyewe atajua wapi sala imeishia na wapi sindano imeanza. Ndivyo lilivyozaliwa neno ambalo kila aliyekaa hapa analijua na hakuna aliyewahi kulieleza kwa mgeni. Katika mtaa huu mtu akisema anakwenda kuombewa chumba namba sita, haulizwi zaidi. Mchungaji aliendelea kufundisha subira, na dada hakumpinga hata siku moja, hata ndani ya chumba chake alikuwa akimwambia kijana, "Njia ya Mchungaji haina madhara wala haiishi dukani, ukiiweza ishike," halafu akifungua ile droo isiyofunga, "na siku ukishindwa, shika hii."

Yapo yaliyotokea kwa sababu ya neno hilo. Shangazi mmoja wa kwaya ya wazee, aliyekuwa na umri wa miaka sabini na mmoja na magoti mabovu, alisikia kwamba Sista ana upako, akaenda kituoni akasema amekuja kuombewa, akaulizwa mara ya mwisho kukutana na mwanamume ilikuwa lini, akadhani ni swali la kutubu, akataja mwaka, akatobolewa kidole, akatoka anatangaza barazani, "Huyu binti anaomba mpaka damu inatoka." Alikutwa mzima. Dada alipogundua kosa alifunika uso kwa faili, akamfuata kumwomba radhi, lakini shangazi hakutaka radhi, alitaka kujua majibu ni ya nini, na alipoelezwa akarudi wiki iliyofuata na wenzake sita, akisema kama wao hawaogopi basi vijana wanaogopa nini.

Tarehe 17 Desemba 2005 marehemu alifunga ndoa na fundi lifti, mtu mpole ambaye kazi yake ilikuwa kuwatoa watu walionaswa kati ya ghorofa na ghorofa, na Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 8 Februari 2007 na mvulana aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 2010, ambao wote wako hapa, na ambao tunawaomba wanyanyue vichwa, hawana cha kuinamia. Shemeji yetu alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Juni 2014. Tangu hapo dada alibaki mjane, akawalea watoto wake wawili na mtoto wa tatu ambaye hakumzaa, yaani mdogo wake wa mwisho, aliyemchukua mwaka 2009 mama yetu alipotutoka, akiwa na miaka kumi na mmoja na mdomo wa mtu wa arobaini. Alimfulia, akamsainia ripoti, akaitwa shuleni mara nyingi kuliko mwalimu wa zamu, na alipoiacha shule hakumpiga wala hakumfukuza, alimwambia tu, "Basi jifunze gari, ila ulijue kweli," na leo huyo ndiye dereva wa pikapu ya mitungi ya gesi ambaye hakuna kona ya mji huu inayomshinda, asiyeamini apige simu ya oda.

Mwaka 2008 Mchungaji alimwomba afundishe darasa la wachumba, ambalo lina Jumamosi nne, tatu za Mchungaji juu ya agano na uaminifu, ya nne ya Sista juu ya mengine yote, na hakuna wachumba waliofungishwa ndoa kanisani hapa bila kwenda kwanza kuombewa wote wawili, siku moja, benchi moja. Kwa ajili ya somo lake alimwagiza fundi seremala amchongee mfano wa mbao. Fundi, mzee wa kanisa, alipoonyeshwa mchoro akauliza ni mguu wa kiti gani huo, na mbona ameagiza mmoja, kiti kitasimamaje, dada akamjibu bila kucheka, "Huu, mzee wangu, husimama wenyewe." Mchungaji anisamehe, lakini ndivyo alivyokuwa. Fundi huyo ndiye aliyetengeneza jeneza hili, na safari hii hakuuliza kitu.

Jambo ambalo yeye mwenyewe alilihesabu kuwa kubwa kuliko yote lilitokea mwezi Aprili 2019, ilipoletwa chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Wazazi wengi walikataa, wakisema saratani hiyo huletwa na kirusi cha zinaa, na kumchanja binti ni kumwambia kwamba tunajua utakwenda kuzini, na kamati ya kanisa ilikuwa tayari kuandika barua. Dada hakubishana nao. Alimleta binti yake wa miaka kumi na miwili kanisani baada ya ibada, akamkalisha kiti cha mbele, akamchanja mbele ya watu wote, na Mchungaji akamshika mtoto mkono mwingine, kisha akawageukia wazazi akasema, "Mabinti hawa nimewafundisha usafi wa moyo, nao wamesikia. Lakini sina mahubiri yanayofuta yaliyopita ya mume ambaye bado hatumjui." Siku hiyo walichanjwa wasichana arobaini na mmoja. Baadhi yao ndio waliobeba mashada leo. Dada alikuwa na miaka arobaini, chanjo ilikuwa imechelewa kumfikia yeye, na alipoulizwa na binti yake mbona mama huchanjwi, alimwambia kwamba sisi wakubwa dawa yetu ni kukaguliwa mlango kila baada ya miaka mitatu, basi, hakuna uchawi.

Sasa tumefika kwenye ugonjwa. Tarehe 16 Novemba 2023, saa nne asubuhi, marehemu alianguka katika korido ya kituo cha afya akiwa amebeba trei ya vipimo, akakimbizwa hospitali kuu, akakutwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa hadi kwenye kibofu na mifupa ya nyonga. Alipata matibabu ya mionzi kuanzia Januari hadi Machi 2024, akaruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 5 Aprili, akalazwa tena tarehe 20 Mei, na tarehe 11 Juni 2024, siku ya Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, katika wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka dirishani, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake, alivuta pumzi ya mwisho, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, miezi tisa na siku ishirini na nane.

Kuna waliouliza kirusi hicho alikipata kwa nani, na wengine wameanza kumtazama marehemu shemeji yetu kaburini. Dada aliulizwa swali hilo na wagonjwa maisha yake yote, na jibu lake lilikuwa kwamba kirusi hakiji na barua ya aliyekituma, kinaweza kulala mwilini miaka ishirini, tusipoteze muda wa matibabu kutafuta mshtakiwa. Familia inalichukua jibu hilo kama lilivyo.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, hasa yule daktari mwanamke wa kitengo cha saratani aliyekuwa akikaa kitandani badala ya kusimama mguuni pa mgonjwa, kwa wafanyakazi wote wa kituo cha afya, ambao leo wamefunga chumba namba sita kwa mara ya kwanza siku ya kazi, kwa Mchungaji na waumini, kwa wachumba wote wa Jumamosi ya nne, kwa majirani waliopokezana zamu ya kumgeuza na kumwogesha, na kwa wote ambao hatukuwataja, si kwa kuwasahau.

Karatasi iliyopitishwa na familia inaishia hapa. Kaka, usiniashirie nikae. Uliwaambia nitafika mwisho, na sijafika.

Katika kikao tulikubaliana tuandike kwamba aliugua ghafla. Mkisikiliza vizuri, nimesoma tarehe na saa, lakini neno ghafla sikulisoma. Nimelikata kwa kalamu usiku wa juzi, maana halikuwa kweli, na anayejua kwamba si kweli ni mimi.

Tarehe 18 Machi 2023, Jumamosi, miezi minane kabla ya kuanguka, nilimchukua dada sokoni na pikapu. Alikaa mbele, mfuko wa vitunguu mapajani. Tulipofika kwenye taa za barabarani akaniambia, bila kunitazama, "Bingwa, Jumanne una nafasi? Nataka unipeleke hospitali kuu nikaombewe. Kule kwetu siwezi, wote ni wanafunzi wangu." Nilielewa. Mtu yeyote wa mtaa huu angeelewa. Na mimi, kwa sababu sijawahi kuona kimya nikakiacha, nikacheka nikamwambia, "Uombewe wewe? Mjane wa miaka tisa? Haya, Sista, mtaje huyo bwana, tumlipishe mahari."

Alicheka. Akasema, "Una wazimu wewe," akarekebisha kilemba chake, akasema alikuwa ananitania tu.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini Jumapili yake, kwake, sote tumeketi mezani, nikaona ule mzaha ni mzuri mno kupotea, nikaurudia mbele ya watu. Kaka ulicheka. Dada wa pili ulicheka mpaka ukaweka kijiko chini. Siwalaumu, nilikuwa nausimulia vizuri. Binti yake alikuwepo. Naye dada alicheka pamoja nasi, akainuka kwenda kuongeza maji kwenye jagi lililokuwa limejaa.

Hakuniomba tena. Mwanamke aliyemtoa aibu kila mtu katika mtaa huu, mimi nilimrudishia yote kwa sentensi moja, ndani ya gari ambalo yeye ndiye aliyenifundisha kulipenda. Mnauliza muuguzi mzima alikosaje kupimwa mapema. Hakukosa. Aliomba kupelekwa.

Daktari aliposema kwamba angefika mwanzoni mwa mwaka ingekuwa habari nyingine, nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya maji. Dada hakunitazama. Angenitazama ningepata pumzi. Mara mbili wodini nilianza kumwambia, "Dada, ile siku," na mara zote mbili akanikatiza, akaniuliza kama nimebadilisha matairi ya nyuma. Mwezi mzima nilijidanganya kwamba alikuwa amesahau.

Mwanangu, binti wa dada yangu, nimekuomba unyanyue kichwa, sasa nitazame. Mama yako hakuwa mzembe. Usimruhusu mtu yeyote akwambie hivyo, na akikwambia, mlete kwangu nimsomee tena.

Na nyinyi wengine: pikapu yangu Jumanne asubuhi haina oda, wala haitakuwa nayo. Mwenye mama, mwenye dada, mwenye mke anayetaka kupelekwa, na yeye mwenyewe anayetaka kwenda peke yake, asimame pale penye geti la kanisa. Hahitaji neno lolote la kuficha wala la kufichua. Sitauliza. Sitatania. Mnanijua, mnajua hilo kwangu ni zito kuliko mitungi.

Dada, pumzika. Nilichokuwa nacho nimekisema, sasa nanyamaza.